Kazushi Sakuraba na Haki ya Kusema Basi

Kila mtoto aingiaye katika chumba cha mieleka au cha judo hufundishwa ishara moja kabla hajafundishwa kumwangusha mwenziwe. Akibanwa asiweze kujinasua, hupiga kiganja mara mbili au tatu juu ya mkeka, au juu ya mwili wa yule aliyembana, naye huachiliwa papo hapo. Ishara hiyo ni neno lisilo sauti, na maana yake ni "basi". Pasipo neno hilo, mchezo wa kupotoa viungo na kukaba koo usingaliweza kufundishwa hata kwa juma moja, maana wanafunzi wote wangalikuwa vilema kabla ya kuhitimu.

Kazushi Sakuraba wa Japani aghalabu husifiwa kwa jambo jingine. Husimuliwa kuwa ndiye aliyewashinda wanaume wanne wa ukoo wa Gracie wa Brazil, mmoja baada ya mwingine, katika muda wa miezi 13, hata akapewa jina la Mwindaji wa akina Gracie. Sifa hiyo ni haki yake. Walakini mtu azifuataye habari zake toka mwanzo hata mwisho huona kwamba mapigano yake makubwa, karibu yote, yalikuwa na shauri la pili ndani yake, nalo ni hili: nani mwenye haki ya kusema basi? Je, ni yule aumiaye, au mwamuzi, au daktari, au ndugu asimamaye pembeni na taulo mkononi? Shauri hilo halikupata kukatwa katika siku zake zote za kupigana, na mwili wake ndio uliolipa gharama ya kesi.

Sakuraba alizaliwa tarehe 14 Julai 1969 huko Showa, katika mkoa wa Akita ulio kaskazini ya kisiwa cha Honshu. Alipokuwa mtoto wa shule, Wajapani walikuwa wakimshangilia Tiger Mask, mwana mieleka aliyevaa kinyago cha chui na kuruka juu ya ulingo kama mtu asiye na uzito. Mtoto wa Akita alitamani kuwa kama yeye. Alijifunza mieleka ya mikeka katika shule ya sekondari, akaiendeleza katika Chuo Kikuu cha Chuo, Tokyo, kisha akaacha njia ya kawaida ya vijana wenye elimu, akajiunga na kundi la mieleka ya kulipwa lililoitwa UWFi. Katika mwaka 1993 aliingia ulingoni kwa mara ya kwanza mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Hapa yafaa kueleza kazi ya kundi hilo ilikuwa nini, kwa sababu ndipo ilipo asili ya mambo yote yaliyofuata. Mieleka ya kulipwa ya Japani ni maonyesho: wapinzani wawili hupatana mapema nani atashinda, na ustadi wao ni kuufanya mwisho waujuao uonekane kama mwisho wasioujua. UWFi ilikuwa na namna yake. Haikuwa na miruko wala vichekesho. Mateke yake yalikuwa mateke, na mikunjo yake ya viungo ilikuwa ile ile ivunjayo mifupa. Ila mwisho tu ndio uliokuwa wa mapatano. Watazamaji wengi walisadiki kwamba hata mwisho ni wa kweli, na wenye kundi hawakuona sababu ya kuwazindua.

Wenye dharau huuita mchezo huo uongo. Dharau hiyo yasahau kwamba katika chumba cha mazoezi hapakuwa na uongo. Kundi lilimwajiri Mwingereza Billy Robinson, mtu aliyefunzwa mieleka katika mji wa Wigan, kwenye chumba cha Billy Riley, ambako wafanyakazi wa migodi na viwanda walikuwa na mila kongwe ya kukamata, kupotoa na kulazimisha mtu akubali. Robinson alikuwa mwalimu mkali. Kwake Sakuraba alijifunza kwamba mshiko mmoja huzaa mwingine. Kwamba adui anapojitetea dhidi ya jambo la kwanza, huwa amekwisha kuufungua mlango wa jambo la pili. Kadhalika, akiwa kijana mwepesi kuliko wengi katika kundi lile, alipiga kiganja mkekani siku baada ya siku. Mtu aliyelelewa hivyo haoni haya kusema basi. Hulisema, huinuka, na huanza tena. Tofauti baina yake na wapinzani wake wa Brazil huanzia hapo.

Akina Gracie walikuwa na mila nyingine. Mwana judo Mitsuyo Maeda aliingia Brazil mwaka 1914 na kumfundisha kijana Carlos Gracie katika mji wa Belém. Carlos akawapa ndugu zake elimu ile, na miongoni mwao Hélio aliifanyia kazi hata ikawa jujitsu ya aina ya pekee. Tarehe 23 Oktoba 1951, huko Rio de Janeiro, Hélio alipambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo aliyetoka Japani. Kimura aliukunja mkono wa Hélio kuelekea nyuma ya mgongo, akaupotoa mpaka ukavunjika, na Hélio hakupiga kiganja. Ni Carlos, kaka yake, aliyesimamisha pigano. Ukoo ule ukalihesabu tukio hilo kama fahari: mwana wa Gracie hasemi basi, akisemewa na nduguye, hilo ni jambo jingine. Mshiko wenyewe wakauita Kimura, kwa heshima ya aliyewashinda, na ndilo jina lake hata leo. Kimura huyo huyo aliporudi kwao aliingia katika mieleka ya maonyesho, na katika Desemba 1954 alipigwa vibaya na Rikidozan katika pambano ambalo yeye alidai walipatana liishe sare. Hivyo mtu mmoja alikutana na miisho miwili ya ajabu: mmoja wa mshinde asiyekubali kushindwa, na mmoja wa mapatano yaliyovunjwa.

Baada ya Royce, mwana wa Hélio, kushinda mashindano ya kwanza ya UFC mjini Denver mwaka 1993, dunia nzima ya wapiganaji ilianza kuuliza ni nani awezaye kuwazuia watu hawa. UWFi ilijiona imeguswa. Katika Desemba 1994 Yoji Anjo, mmoja wa wapiganaji wake, alisafiri mpaka Los Angeles kumwita Rickson Gracie chumbani mwake, akarudi na uso uliovimba. Tarehe 11 Oktoba 1997 mkuu wa kundi, Nobuhiko Takada, alipambana na Rickson ndani ya Tokyo Dome, katika onyesho la kwanza la mashindano yaliyoitwa PRIDE, akashindwa pasipo kumtia Rickson hata alama. Mwaka mmoja baadaye akashindwa tena. UWFi yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa toka Desemba 1996. Watu waliowaamini mashujaa wao walijiona wamedanganywa miaka mingi, na lawama ikawaangukia wana mieleka wote, wakubwa kwa wadogo.

Katika hali hiyo ya fedheha, tarehe 21 Desemba 1997, Sakuraba aliingia katika mashindano ya UFC mjini Yokohama. Mpinzani wake alikuwa Marcus Silveira wa Brazil, mtu wa kilo 110 hivi, mwanafunzi wa Carlson Gracie. Silveira alipokuwa akitupa ngumi, Sakuraba alijishusha ghafula ili aukamate mguu wake. Mwamuzi John McCarthy alidhani ameanguka kwa kupigwa, akaingia kati na kusimamisha pigano. Neno la mwisho lilikuwa limesemwa na mtu asiyeliona jambo vizuri. Sakuraba alikataa kutoka ulingoni. Akakaa pale pale, umati ukipiga kelele. Picha zilipotazamwa tena, hukumu ilifutwa, na kwa kuwa mshindi wa upande wa pili alikuwa ameumia mkono, watu wale wale wawili wakarudishwa kupigana usiku ule ule. Safari hii Sakuraba aliunyosha mkono wa Silveira kinyume cha kiwiko, na Silveira akapiga kiganja. Mshindi akawaambia watazamaji kwamba mieleka ya kulipwa, kwa hakika, ina nguvu. Maneno hayo yaliwapa watu wa Japani kitu walichokuwa wamenyang'anywa.

Ushindi mwingine ulifuata katika PRIDE, na hapana haja ya kuutaja wote. Alimshinda Carlos Newton katika Juni 1998 kwa kuukaza mguu, na Vitor Belfort katika Aprili 1999 kwa hukumu ya waamuzi. Mpaka hapo hapakuwa na aliyehoji miisho ya mapigano yake. Shauri lilirudi tarehe 21 Novemba 1999, alipokutana na Royler, mwana mwingine wa Hélio. Royler alikuwa mwepesi kuliko yeye kwa kilo nyingi, jambo ambalo wamsifuo Sakuraba kwa kupigana na majitu hawapendi kulikumbuka. Katika raundi ya pili, zikiwa zimebaki dakika pungufu ya mbili, Sakuraba aliukamata mkono wa Royler na kuukunja kwa mshiko ule ule wa Kimura wa mwaka 1951. Royler hakupiga kiganja. Mwamuzi alingoja, akaona bega linakokwenda, akasimamisha. Akina Gracie walilalamika kwamba mtu wao hakuwa amekubali kushindwa. Na kwa sheria za mila yao walisema kweli. Sakuraba alichukua kipaza sauti, akamwomba kaka mkubwa, Rickson, wapigane. Pigano hilo halikutokea kamwe.

Aliyekuja ni Royce. Aidha, ukoo wake ulikuja na masharti: katika pigano hilo mwamuzi asiwe na ruhusa ya kusimamisha, pasiwe na waamuzi wa kuhesabu alama, wala pasiwe na kikomo cha raundi, kila raundi ikiwa ya dakika 15. Mwisho uwe mmoja katika miwili tu, mtu akubali mwenyewe au watu wake watupe taulo. Masharti haya wengi waliyaona kuwa ya kiburi au ya hila. Lakini yafaa yasomwe kama jibu la shauri la Royler. Ukoo ulikuwa umesema, kwa lugha ya mkataba, kwamba mgeni asipewe tena haki ya kutusemea basi.

Siku ilikuwa tarehe 1 Mei 2000, mahali Tokyo Dome. Hélio mwenyewe, mwenye umri wa miaka 86, aliketi upande wa wanawe. Sakuraba aliingia pamoja na wenziwe waliovaa vinyago vya namna moja vya mieleka ya maonyesho, hata umati usitambue yupi ni yeye. Kisha kinyago kikavuliwa na kazi ikaanza. Royce alivaa joho lake jeupe la jujitsu, na Sakuraba akalitumia vazi lile kama kamba: alilivuta, akamfunika nalo, akamshika asitoke. Safari moja alimvuta suruali, na maelfu ya watu wakacheka katikati ya pigano ambalo mmoja angeweza kutoka humo akiwa kilema. Mwishoni mwa raundi ya kwanza nusura auvunje mguu wa Royce kwa goti. Royce naye alimkaba shingo, naye akastahimili. Raundi ikapita, na nyingine, na nyingine. Toka raundi ya nne mateke ya Sakuraba yalianza kuukata mguu wa Royce, na hatua za Royce zikawa fupi. Raundi ya sita ilipokwisha, dakika 90 zilikuwa zimepita. Royce hakuweza kusimama kama mtu awezaye kupigana. Hakusema basi. Rorion, kaka yake, alitupa taulo.

Mwana wa Hélio alishindwa kwa namna ile ile aliyoshindwa baba yake: kiungo kimeharibika, kinywa kimefungwa, kaka amesema. Mzee aliyekuwapo katika matukio yote mawili, la kwanza akiwa mpiganaji na la pili akiwa baba, alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo.

Watu husimulia pigano hilo na kuishia hapo. Bali usiku ule haukuishia hapo. Mashindano yalikuwa ya kutoana, na mshindi alitakiwa apigane tena. Baada ya dakika 90 Sakuraba aliingia kupigana na Igor Vovchanchyn wa Ukraine, mpiga makonde mzito kuliko yeye kwa kilo kama 20. Walipigana raundi nzima ya dakika 15, na palipotakiwa raundi nyingine, watu wa Sakuraba wakatupa taulo. Hapakuwa na kilio cha heshima iliyochafuliwa. Alitoka akipungiwa mikono, naye akipunga. Taulo mbili zilitupwa kwa ajili ya watu wawili katika jioni moja, moja ikaonekana msiba na nyingine ikaonekana busara.

Renzo Gracie alikuja tarehe 27 Agosti 2000. Zikiwa zimesalia sekunde 17 raundi ya pili iishe, mshiko wa Kimura ulimtoa kiwiko mahali pake, naye akautazama mkono wake pasipo kupiga kiganja mpaka mwamuzi akaingia. Tofauti na jamaa zake, Renzo hakutafuta udhuru. Alikubali kwamba ameshindwa na aliye bora, na akamsifu mbele ya watu. Katika Desemba mwaka ule Ryan, mdogo wa Renzo, alishindwa kwa hukumu ya waamuzi katika pigano fupi lisilo na mengi ya kusimuliwa. Ndipo hesabu ya wanne ilipotimia.

Tarehe 25 Machi 2001 PRIDE ilibadili kanuni zake, ikaruhusu mtu aliye chini apigwe kichwani kwa teke, kwa goti na kwa kukanyagwa. Siku hiyo hiyo Sakuraba alipambana na Wanderlei Silva wa Brazil, na kanuni mpya zikamwangukia. Pigano lilichukua sekunde 98. Novemba mwaka ule walikutana tena kugombea ubingwa wa uzito wa kilo 93, na Sakuraba, ambaye mwili wake ulikuwa wa kilo 85 hivi, aliinuliwa akabwagwa hata mtulinga ukavunjika. Daktari akasema basi raundi ya kwanza ilipokwisha. Katika Agosti 2002 Mirko Filipović wa Kroatia alimvunja mfupa wa jicho, na daktari akasema tena. Katika Agosti 2003 Silva alimwangusha kwa mara ya tatu. Juni 2005 Ricardo Arona alimpiga kwa magoti raundi mbili, uso ukavimba usitambulike, na watu wake ndio waliokataa asirudi raundi ya tatu.

Ni vigumu kuisoma orodha hiyo pasipo kuuliza kwa nini hapana aliyesema mapema. Mwenyewe hakusema, na sababu yake yaonekana katika malezi yake. Mwana mieleka wa maonyesho hachagui mpinzani. Hupewa jina na tarehe, na kazi yake ni kuwafurahisha waliolipa. Malezi hayo ndiyo yaliyompa vinyago, vichekesho na ushujaa wa kupigana na kila mtu, na hayo hayo ndiyo yaliyomnyima kinga. Alijua kupiga kiganja akibanwa mkono. Hakufundishwa kupiga kiganja mbele ya meza ya mwenye mkataba. Watayarishaji nao hawakuwa na haraka, kwa kuwa viti vilijaa na televisheni ilinunua. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na Sakuraba alitunzwa kweli: alishangiliwa akishinda, akashangiliwa zaidi akishindwa. Shangwe hiyo ilikuwa ya upendo. Hata hivyo ilikuwa sehemu ya bei iliyompeleka kwa watu wazito.

Katika mwaka 2006 aliihama PRIDE, kampuni ambayo mwaka uliofuata iliuzwa kwa Wamarekani, akajiunga na mashindano ya Hero's. Pigano lake la kwanza huko, tarehe 5 Agosti, lilikuwa na Kęstutis Smirnovas wa Lithuania. Alipigwa akalegea, na katika dakika zile mwamuzi ye yote mwenye huruma angalisimamisha. Hakusimamishwa. Akapata fahamu, akaukamata mkono wa Smirnovas, akashinda. Pigano hilo limesifiwa kama muujiza wa ujasiri. Latosha vile vile kuwa ushahidi juu ya mwamuzi. Usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka huo, mjini Osaka, lilitokea lililo kinyume. Akipambana na Yoshihiro Akiyama, Sakuraba alipaza sauti akiomba pigano lisimamishwe kwa muda kwa sababu mwili wa mwenziwe ulikuwa ukiteleza. Hakusikilizwa, akapigwa mpaka mwisho. Siku chache baadaye ilithibitika kwamba Akiyama alikuwa amejipaka mafuta; ushindi ukafutwa, na malipo yake yakazuiliwa. Mtu ambaye kwa miaka mitano hakusema basi, aliposema ngoja, hakuaminiwa.

Miaka iliyobaki haina mengi. Juni 2007, mjini Los Angeles, Royce alimshinda kwa hukumu ya waamuzi, kisha akaonekana ametumia dawa ya kuongeza nguvu. Katika Mei 2010 alishindwa na Ralek, mwana wa Rorion, yaani mwana wa yule aliyetupa taulo miaka kumi kabla. Mwaka ule ule na uliofuata alikabwa shingo na Jason Miller, kisha na Yan Cabral, akakubali kushindwa kama alivyofundishwa katika chumba cha Robinson, na hapana mtu aliyemwona amevunja heshima ya ukoo wo wote. Baina ya hao wawili, tarehe 31 Desemba 2010, sikio lake lilichanika katika pigano na Marius Žaromskis, na daktari akazuia. Pigano la mwisho lilikuwa tarehe 29 Desemba 2015, Saitama, dhidi ya Shinya Aoki. Sakuraba alikuwa na umri wa miaka 46. Alilazwa chini na kupigwa pasipo kujibu kwa dakika nyingi, watazamaji wakimtazama mwamuzi, na mwamuzi akimtazama Sakuraba, mpaka taulo ilipotupwa kutoka upande wake mwenyewe.

Hesabu yake yaonyesha kushinda mara 26, kushindwa mara 17, sare moja, na mapigano mawili yaliyofutwa. Mwaka 2017 UFC ilimwingiza katika Jumba lake la Heshima. Tarehe 11 Aprili 2018, katika jumba la Ryogoku ambamo mieleka ya sumo huchezwa, alifungua mashindano yake mwenyewe aliyoyaita Quintet. Humo vikundi vya watu watano watano hushindana kwa mishiko tu, na ngumi na mateke ni marufuku. Uzito wa kikundi kizima haukuruhusiwa kupita kilo 430, na mwepesi akikutana na mtu amzidiye kwa kilo nyingi, muda wa pigano lao ulipunguzwa kutoka dakika 8 hadi 4.